Zege la Nyumbani Linaokoa Pesa ya Nani?

Bei za vyakula zikipanda tu, washauri wa fedha huibuka na jibu lao la siku zote: acheni kununua chipsi barabarani, pikeni nyumbani. Hesabu yao ni nyepesi. Zege, yaani chipsi mayai, la shilingi 3,000 kila siku ni 90,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Hesabu tamu hiyo, ila aliyeacha kununua zege hajaacha kula.

Tufanye hesabu ya pili basi, kwa bei za mtaani Dar es Salaam. Msomaji wa Mwanza au Mbeya ataweka tarakimu zake. Mtu mmoja anahitaji viazi nusu kilo, 700. Nusu kilo itaonekana nyingi kwa sahani moja, lakini ukishatoa maganda na mafuta ya moto yakishafukuza maji, kinachobaki ni karibu nusu ya ulichonunua. Mayai mawili, 700. Nyanya, kitunguu na pilipili ya kachumbari, 300. Mafuta ya kupima, robo lita, 1,500. Mkaa wa kopo, 1,000. Jumla 4,200, na vyombo bado havijaoshwa. Muuza chipsi wa kona anakupa kitu hichohicho kwa 3,000, kachumbari juu yake.

Anawezaje? Viazi vyake vimekuja kwa gunia kutoka Njombe au Mbeya, si kwa kilo. Mkaa wake ukishawaka unahudumia watu hadi usiku, na karai lile moja la mafuta linagawanywa kwa sahani nyingi mno. Halafu kuna ufundi ambao wateja wengi huutazama bila kuuona. Jioni mapema anatumbukiza viazi kwenye mafuta yasiyo makali sana, anavitoa vikiwa vimeiva lakini havijabadilika rangi, anavirundika kwenye kabati la kioo. Ukiagiza, anavirudisha kwenye mafuta makali kwa dakika chache, ndipo vinapata ule ukavu wa nje. Anayeiga nyumbani kwa robo lita kwenye kikaango anamwaga viazi vyote kwa mkupuo, mafuta yanapoa papo hapo, na viazi vinaanza kuyanywa. Anaishia na kitu kilicholegea, kizito, na njaa ya chipsi za kweli iko palepale.

Ukitaka zitoke vizuri, loweka viazi kwenye maji baridi ili wanga utoke, vikaushe kwa kitambaa, kaanga mara mbili, kidogo kidogo, kwenye mafuta yasiyopungua lita moja. Lita hiyo ni kama 5,500. Kwa bachela anayenunua mafuta ya siku kwa siku, hiyo ni pesa ya kufungua duka. Tukumbuke pia kwamba Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, hivyo bei ya kibaba cha Manzese haiamuliwi Manzese. Indonesia ilipozuia kuuza nje mafuta ya mawese kwa wiki kadhaa mwaka 2022, kilikuwa kipindi ambacho wapishi huku walikuwa tayari wanalia na bei.

Kwenye familia mambo yanageuka. Watu watano: viazi kilo mbili na nusu 3,500, mayai kumi 3,500, kachumbari 1,000, mkaa 1,500. Mafuta lita moja, ukiyachuja na kuyatumia mara tatu, kila mlo unabeba kama 1,900. Jumla 11,400, wakati zege tano za kibandani ni 15,000. Akiba ipo, ila si ya kununulia kiwanja. Akiba nono iko kwa kuku: robo nne za 3,500 ni 14,000, na kuku mzima wa kisasa unampata kwa 9,000. Kuna faida nyingine ambayo sina namna ya kuitia kwenye kikokotoo, nayo ni kujua umri wa mafuta yako. Ya kwako yakiwa meusi na kuanza kutoa povu, utayamwaga. Ya karai la barabarani hujui yalianza kazi lini.

Sasa turudi kwenye ule mkaa wa buku, kwa sababu naona ndiko mjadala mzima uliko. Jiko la umeme la wati 1,500 likiwaka nusu saa linakula robo tatu ya uniti. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, anayelipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, haifiki 300. Weka hiyo badala ya mkaa, hesabu ya bachela inashuka hadi karibu 3,500, na akiyatunza mafuta yaliyobaki anakaribiana na kibanda. Jiko ndilo linaloamua, kuliko uvivu au bidii ya mpishi.

Jiko hilo analiweka wapi? Amepanga chumba, Luku ni moja ya nyumba nzima, umeme unachangwa kwa kichwa. Akionekana na jiko la umeme, kikao kinaitwa jioni hiyohiyo. Aliye na mita yake naye ana kizingiti: anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yuko kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti, akianza kupikia umeme akawa anavuka kila mwezi, anahamishiwa kwenye zile 292. Serikali imeweka mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na Mei 2024 Rais Samia alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu jambo hilohilo. Kwa bei hizi, mnyonge anayeitika wito huo anaadhibiwa kwa kuitika. Gesi haina kikao, lakini mtungi haujazwi kwa buku. Mkaa unauzwa kwa kopo, ndiyo maana unashinda.

Na wanaosema kupika nyumbani ni bure wamenyamazia mikono. Kumenya kilo mbili na nusu za viazi, kukata, kukaanga mara mbili kwa mafungu na kusugua karai ni saa moja na nusu ya mtu, ambaye katika nyumba nyingi ni mama aliyetoka kazini au binti anayetakiwa kuwa kwenye madaftari.

Mwenye familia namshauri aanzie kwa kuku, chipsi zifuate. Anayeishi peke yake anunue chipsi kavu kibandani kwa 1,500, maana hapo muuzaji hana mpinzani. Mayai mawili asiyanunue pale. Muuzaji anayatoza 1,500 nyingine ilhali dukani ni 700. Akayakaangie chumbani kwa mafuta vijiko viwili. Hata wapangaji wenzake hawawezi kuitisha kikao kwa moto wa dakika tano.