Karata Zikikataa: Kuendelea, Kupitisha au Kujitoa

Kila baada ya uchaguzi wa Zanzibar, swali moja huzunguka katika baraza za Wete, Chake Chake na Mkoani: sasa tufanye nini? Tuendelee kusukuma, tususe, au tuingie serikalini? Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa hasira, na hasira ikipoa hujibiwa kwa uchovu. Mimi ningependa lijibiwe kwa hesabu. Hesabu yenyewe nitaiazima mahali ambapo wengi hawatarajii, yaani katika mchezo wa karata uitwao poka.

Nitangulize neno kabla sijalaumiwa. Siinadi kamari. Aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida imeikataza, na aya inayofuata imetaja sababu, kwamba ni njia ya kutia uadui na chuki baina ya watu. Pemba inaijua sababu hiyo kwa uchungu wake, maana katika miaka ya tisini majirani walisusiana maduka na hata mazishi kwa ajili ya vyama. Ninachokiazima ni namna ya kufikiri pale mtu anapokuwa ameshatoa dau, kisha karata zikamkataa.

Mchezo wenyewe huenda hivi. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha hutoa dau. Baadaye karata tatu hufunuliwa katikati ya meza, na zote ni za ushirika. Aliyepandisha dau mwanzoni ameshawaambia wenzake kwamba ana mkono mzuri, lakini mtu mwenye karata mbili zisizofanana, tuseme ree na mfalme, hupata mwenza katika zile tatu takriban mara moja tu katika kila mara tatu. Mara mbili zilizobaki hujikuta ametamba na hana kitu. Hapo ana njia tatu: kuendelea kuweka dau kana kwamba amepata, kupitisha bila kuweka kitu ili aone karata inayofuata, au, mwenzake akiweka dau, kujitoa.

Mchezaji makini haulizi moyo wake una ujasiri kiasi gani. Kwanza huuliza: je, yule aliye mbele yangu anaweza kujitoa? Rundo likiwa na shilingi 1,000 nami nikaweka 500, inatosha ajitoe mara moja katika kila mara tatu ili nisipate hasara. Lakini wapinzani wakiwa watatu, na kila mmoja hujitoa nusu ya nyakati, nafasi ya wote kujitoa kwa pamoja ni moja katika nane. Tishio lililomtosha mmoja haliwatoshi watatu. Pili huuliza: je, nimebakiwa na karata ya kuitarajia? Mwenye kopa nne akingoja ya tano, huku karata mbili hazijafunuliwa, ana nafasi ya takriban asilimia 35, na hilo ni tumaini lenye kipimo. Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, hukumbuka kwamba kilichokwisha kuwekwa katika rundo si chake tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Kuongeza dau kwa sababu tu umeshatoa mengi ni kuifanya hasara ya jana iwe mshauri wa leo.

Tuyapeleke maswali hayo matatu Pemba.

Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe, CUF ilishinda majimbo yote 21 ya Pemba, na urais ukatangazwa kwa CCM kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Uchaguzi wa mwaka 2000 ulipovurugika, chama kilisusia marudio katika majimbo 16 ya Unguja, kisha kikaitisha maandamano. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Wapo wanaosema kwamba bila ya siku zile Muafaka wa Oktoba 2001 usingetiwa saini. Ni kweli kwamba Muafaka ulifuata. Hata hivyo, uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana ulipofanywa. Swali la kwanza lilikuwa pale pale: je, dola yenye bunduki ni mpinzani wa kujitoa kwa sababu umepaza sauti? Waliofyatua risasi ndio wenye kubeba dhamana ya damu ile, na hilo halina mjadala. Lakini kiongozi anayeitisha watu barabarani naye anawajibika kuliuliza swali hilo kabla, si baada.

Miaka 15 baadaye tuliiona njia nyingine. Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015, na tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta. Marudio yalifanyika tarehe 20 Machi 2016, na CUF ikasusia. Hoja yake ilikuwa nzito: kushiriki ni kubariki ufutaji. Matokeo yakawa asilimia 91.4 kwa Dk. Ali Mohamed Shein, Baraza la Wawakilishi lisilokuwa na CUF, na kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais kilichobaki kitupu hadi 2020. Kujitoa ni uamuzi wa heshima iwapo karata zilizobaki haziwezi kukusaidia. Kasoro niionayo mimi ni kwamba CUF ilijitoa huku ikiendelea kulidai rundo. Kwa miezi mingi wananchi waliaminishwa kwamba jumuiya ya kimataifa ingeingilia na haki ingerudi. Haikurudi. Aliyejitoa angepaswa kuwaambia wafuasi wake ukweli mchungu siku ile ile: mkono huu umekwisha, tujipange kwa mwingine.

Uamuzi wa Desemba 2020 ulikuwa wa aina ya tatu. Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa mshindi kwa asilimia 76.27, na Maalim Seif Sharif Hamad, wakati huo akiwa ACT-Wazalendo, akapewa asilimia 19.87. Chama kiliyakataa matokeo, kisha baada ya wiki chache kikaingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wengi waliita usaliti. Mimi naona kulikuwa ni kupitisha: kubaki mezani bila kuongeza damu, kungoja karata inayofuata. Na sababu ya kungoja ilikuwepo, kwa kuwa mfumo ule ulizaliwa na Maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo. Maalim alifariki dunia tarehe 17 Februari 2021, na Othman Masoud Othman akakirithi kiti.

Lakini kupitisha nako kuna gharama. Katika poka kuna dau la lazima linalozunguka meza, na anayekaa tu akisubiri karata nzuri humalizika polepole bila hata kushindwa kwa kelele. Kila mwaka chama cha upinzani kinaokaa serikalini bila ya mageuzi ya tume na ya daftari la wapiga kura, kinalipa kwa imani ya watu wake. Anayepitisha lazima ajue anangoja karata gani, na hadi lini. Uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao Dk. Mwinyi alitangazwa tena mshindi, umelirudisha swali hili mlangoni kwetu.

Nisiwaelemee wapinzani peke yao. Chama tawala nacho huweka dau kwa karata zisizotosha. Mwenye rundo kubwa mbele yake huweza kuwatisha wengine mpaka wajitoe, na akajidanganya kwamba ameshinda kwa karata. Asilimia 91 iliyopatikana mshindani mkuu akiwa nje ya uwanja haikuthibitisha ridhaa ya Wapemba. Ilithibitisha tu kwamba hakukuwa na wa kushindana naye.

Hapa ndipo poka inapoishia, na tofauti zake na siasa zinafundisha kuliko mfanano wake. Kwanza, katika mchezo mgawaji wa karata hana maslahi katika mkono wa yeyote. Kwetu ugomvi wenyewe ni juu ya mgawaji: tume huteuliwa na Rais, ambaye mara nyingi ni mgombea, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Pili, mcheza karata hupoteza cha kwake. Kiongozi wa siasa huweka dau la watu wengine: mwana wa mama wa Micheweni, ajira ya mwalimu wa Konde, msimu wa karafuu wa mkulima wa Mtambwe. Ujasiri wa kutumia mali ya mwenzako ni rahisi mno, na ndiyo maana ninaushuku.

Kwa hiyo nadai jambo moja, kwa chama chochote. Kabla ya uchaguzi, si baada yake, kiwaambie wananchi kwa maandishi: matokeo yakitukataa, tutaendelea kwa masharti haya, tutapitisha kwa muda huu, na tutajitoa tukifika hapa. Wenye dau wana haki ya kujua mpaka wake kabla halijawekwa.

Wanafunzi na wanaharakati, liulizeni hilo katika mkutano wa kwanza mtakaohudhuria, na msikubali kujibiwa kwa wimbo. Watumishi wa umma mnaosimamia vituo na kuhesabu kura, ninyi ndio mikono ya mgawaji. Hesabu ikiwa safi mikononi mwenu, hakuna kiongozi atakayekuwa na sababu ya kuwaomba Wapemba waweke tena dau la roho zao.