Wakili na Kiapo Chake

Swali moja huturudia mara kwa mara, kutoka kwa wazee na kutoka kwa wanafunzi vilevile. Ndilo hili: ikiwa wakili ajua hakika ya kuwa mtu wake ametenda kosa, yawezekanaje asimame mbele ya hakimu na kumtetea? Je, kazi hiyo si kazi ya uongo? Wengine huongeza kwa kicheko kwamba avoka mzuri ni yule ajuaye kugeuza jeusi kuwa jeupe. Swali ni la haki. Kicheko chahitaji kujibiwa, maana wanaocheka leo ndio watakaokwenda kesho kumwomba wakili awadanganyie mahakama.

Kwanza tufahamu kwamba mawakili wa Kisangani hawafanyi kazi kila mtu kwa sheria yake mwenyewe. Wamo katika chama chao, Baro, kilichofungamana na Mahakama ya Rufaa ya mji wetu, na mkuu wao aitwa batonie. Sheria iwaongozayo ni ile ya tarehe 28 Septemba 1979. Aingiaye katika kazi hii huapa mbele ya Mahakama ya Rufaa, tena hupita muda wa kujifunza wa miaka 2. Yafaa kuyapima vema mambo anayoyaapia. Aahidi kuheshimu Katiba na kutii sheria. Asiseme wala kuandika neno lililo kinyume cha sheria au cha maadili mema. Asiache kamwe heshima ipasayo mahakama. Na mwisho, asishauri wala kutetea shauri lolote ambalo rohoni mwake halioni kuwa la haki.

Hapo mtu atauliza: "Je, shauri la mwizi laweza kuwa la haki?" Naam, laweza. Mwizi wa baiskeli ana haki ya kuhukumiwa kama mwizi wa baiskeli, si kama mwuaji. Ana haki ya kuelewa yanayosemwa juu yake kwa Kifaransa, ambacho pengine hakujifunza. Ana haki ya kutopigwa ili akiri, wala kufungwa siku nyingi kupita kiasi cha sheria. Wakili amwambia hakimu: shahidi huyu alisimama mbali, na usiku ulikuwa wa giza, hati hii haina sahihi, mtu huyu ana watoto, wala hajapata kuhukumiwa. Ikiwa yote hayo ni kweli, yote ni utetezi halali. Tena siri aliyoambiwa na mtu wake hana ruhusa kuitoa. Kunyamaza kwake ni wajibu.

Lakini kunyamaza si kudanganya. Siku atakapomleta shahidi aliyefundishwa maneno, au hati anayojua kuwa ni ya bandia, amekwisha vuka mpaka. Hakimu hakuwapo jambo lilipotendeka. Huona kwa macho ya wengine tu. Ampaye macho ya uongo amempofusha, na hakimu aliyepofushwa ni hatari kwa mji mzima.

Tutoe mfano uliotokea si zamani, nao wahusu watu wa nchi yetu. Jean-Pierre Bemba alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, mjini La Haye, Uholanzi, kwa maovu waliyotenda askari wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati miaka 2002 na 2003. Wakili wake mkuu alikuwa Aimé Kilolo. Mwezi wa Novemba 2013 wakili huyo alikamatwa yeye mwenyewe, pamoja na msaidizi wake na watu wengine. Mashtaka yalikuwa kwamba mashahidi wa utetezi walipewa fedha na kufundishwa waseme nini mbele ya mahakimu. Mazungumzo yao ya simu yalikuwa yamenaswa. Tarehe 19 Oktoba 2016 mahakama ilitoa hukumu: mashahidi 14 walikuwa wamepotoshwa, na wote watano walioshtakiwa walionekana na hatia, Bemba mwenyewe akiwa mmojawapo. Katika rufaa ya Machi 2018 sehemu kubwa ya hukumu hiyo ilithibitishwa. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Kilolo alipewa kifungo cha miezi 11, ambacho alikuwa amekwisha kukitumikia, na faini ya euro 30,000. Bemba alipewa mwaka 1 na faini ya euro 300,000.

Sasa msomaji asikilize neno lililo kubwa kuliko hayo yote. Katika shauri lile la kwanza, lenye mashtaka mazito, Bemba alikuwa amehukumiwa miaka 18. Lakini tarehe 8 Juni 2018 mahakimu wa rufaa, watatu dhidi ya wawili, walimwachilia. Walimwachilia kwa hoja za sheria, walipoona kwamba mahakimu wa kwanza walikosea katika kuipima kazi yake kama mkuu wa askari. Kumbe hoja za halali zilikuwapo, na ndizo zilizomfungulia mlango wa gereza! Uongo ndio uliobaki shingoni mwake. Alipotaka kugombea urais katika uchaguzi wa Desemba 2018, Tume ya uchaguzi ilimkataa kwa sababu ya hukumu hiyo ya mashahidi, na Mahakama ya Katiba ikakubaliana nayo. Wakili aliyevuka mpaka hakumwokoa mtu wake, alimwongezea mzigo.

Je, hapa kwetu ni nani amwangaliaye wakili? Wenzake ndio wenye kazi hiyo kwanza. Halmashauri ya Baro husikiliza malalamiko ya watu, na mwendesha mashtaka mkuu naye aweza kuipelekea habari za wakili aliyekosa. Mshtakiwa hupewa nafasi ya kujitetea, kama mtu mwingine yeyote. Akionekana na hatia, hupewa onyo, au karipio, au husimamishwa kazi kwa muda, au jina lake hufutwa kabisa katika orodha. Asiporidhika aweza kukata rufaa kwa Halmashauri ya Taifa. Tena adhabu ya chama haizuii adhabu ya serikali. Kitabu chetu cha sheria za makosa chamtishia shahidi wa uongo aliyeapa kifungo hata cha miaka 5, na yule aliyemshawishi apaswa na adhabu ileile.

Basi, yule ambaye wakili wake amekula fedha zake, au ameacha shauri lake bila neno, asinung'unike barazani kwake tu. Aandike barua kwa batonie, ataje siku na kiasi, aambatanishe risiti. Kwa sababu hiyo twawasihi: msimpe mtu fedha bila risiti, wala msitie sahihi hati msiyosomewa. Na asiye na kitu ajue kwamba sheria ya 1979 imeiagiza Baro iwe na ofisi ya kuwashauri maskini bila malipo.

Lakini haitoshi kumwangalia wakili. Yafaa tujiangalie na sisi. Mji wetu haujasahau siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mitaa yetu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara iliyoyatenda nchini mwetu, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya watu walioumizwa na waliouawa. Mfuko wa FRIVAO uliwekwa hapa Kisangani ili kuwagawia waliodhurika. Mbele ya fedha za namna hiyo majaribu hayakosekani. Jirani aweza kusema: "Nitilie jina la ndugu yangu, ingawa mwaka ule hakuwapo." Mwingine aweza kumwambia wakili: "Nitafutie mashahidi wawili, gharama ni juu yangu." Anayesema hivyo aona kwamba anaidanganya serikali tu. Sivyo. Mbele ya jina la uongo yupo mjane wa kweli anayengoja fungu lake, na kila jina la bandia lampunguzia au kumchelewesha.

Amri ya nane, "Usiseme uongo", haikuandikwa kwa mawakili peke yao. Ndugu, ukimwendea wakili, mweleze yote kwa kweli, hata yale yakuaibishayo, maana hawezi kukutetea gizani. Akikuambia, "Neno hili siwezi kulisema mbele ya hakimu," usimwite mwoga, wala usikimbilie kwa mwingine. Umempata wakili anayekikumbuka kiapo chake. Aliye tayari kumdanganya hakimu kwa ajili yako leo, kesho ni nani atakayemzuia asikudanganye wewe?