Sinema Zetu za Mwaka 2023, na Ile Iliyotunyamazisha



Kila mwaka ukikaribia kwisha mnatuuliza habari za hina, vitambaa na kumbi. Leo tuzungumze picha. Tuko wanawake sita, watatu wameolewa, mmoja ana posa, na wawili wanasema wasiulizwe. Ijumaa usiku baada ya Isha, watoto wakishalala, tunatundika shuka jeupe ukutani, tunakaanga bisi na kuwasha projekta. Bibi zetu walikuwa na bahati kutushinda. Mjini kulikuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique, na kulikuwa na maonyesho ya zanana, wanawake watupu, wakenda kumlilia Raj Kapoor katika Awara mpaka buibui zikalowa. Sinema yetu sisi ni sebule.

Tunajua wapo watakaosema mambo haya hayana faida. Kweli, katika picha nyingi hapo chini kuna vipande tulivyovirusha, na rimoti ilikuwa mkononi mwa aliye mkali kuliko sote. Lakini mwaka 2023 ulituletea picha kadhaa za mabinti wa Kiislamu, posa na mama zao, na hatukuona kwa nini wazungumzie wengine tu.

Tuliyoicheka zaidi ni Polite Society ya Nida Manzoor, Muingereza mwenye asili ya Pakistani. Binti wa shule, Ria, anataka kuwa mwigizaji wa vipande vya hatari. Dada yake Lena ameacha chuo cha sanaa, amekata tamaa, na ghafla anaposwa na daktari tajiri mwenye sura nzuri. Ria hamuamini bwana harusi, na zaidi hamuamini mavyaa. Mwisho hatuusemi. Tunasema tu kwamba kuna kipande mavyaa anamshika Ria na kumtoa vinyweleo vya miguu kwa nta kama adhabu, na kila aliyewahi kufanyiwa singo kwa mikono mizito atalia na kucheka pamoja. Nimra Bucha anacheza mavyaa kwa utamu wa kutisha. Sote tulimjua mtu wa namna hiyo, jina tukalimeza.

What's Love Got to Do with It? ilitugawa. Kazim, daktari wa London, anakubali kutafutiwa mke na wazazi, na rafiki yake wa utotoni, Zoe, anamfuata na kamera hadi Lahore. Shabana Azmi ni mama yake Kazim, na kwa ajili yake peke yake tungeitazama tena. Kosa la picha hii ni Maymouna, bibi harusi, anayechezwa na Sajal Aly. Anaposwa kupitia skrini ya kompyuta, wazazi wakiwa pembeni, naye anajibu kwa upole na kwa uchache. Sinema inamtumia ili Zoe apate kuujua moyo wake, kisha inampita kama kiti kilichosogezwa njiani. Tulikasirika.

Lakini mwenzetu mwenye posa aliomba kipande kile kirudishwe nyuma. Mara mbili. Akauliza, "Huyu amekubali, au amenyamaza tu?"

Hapo ndipo bisi zilipopoa. Sote tumefundishwa kwamba idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Tunachosahau ni kwamba hadithi hiyo inaanza na kuulizwa, na ananyamaza kwa haya baada ya kuulizwa. Asiyeulizwa hana la kunyamazia. Na Khansa bint Khidam, aliyeozwa na baba yake hali ya kuwa hataki, alikwenda kwa Mtume (SAW) na ndoa ile ikavunjwa. Imo katika Bukhari, wala si maneno ya sinema.

Jawan ya Shah Rukh Khan tuliifuata Dar, tukavuka na boti ya asubuhi. Karibu saa tatu za makelele, jela ya wanawake, na yeye akicheza baba na mtoto. Tulipiga makofi. Barbie tuliiona, rangi ilikuwa nzuri.

Iliyobaki ndiyo ya kwanza kwetu: Les Filles d'Olfa ya Kaouther Ben Hania wa Tunisia, iliyoshirikiana tuzo ya filamu za kumbukumbu huko Cannes mwaka huo. Olfa ni mama wa kweli mwenye mabinti wanne. Wawili wakubwa, Ghofrane na Rahma, waliondoka wakaenda kujiunga na Daesh Libya. Wadogo wawili, Eya na Tayssir, wanajicheza wenyewe, waigizaji wanawacheza dada zao, na Hend Sabri anashika nafasi ya Olfa pale maumivu yanapomzidi. Olfa anasimulia usiku wa harusi yake, watu wakisubiri shuka mlangoni, na jinsi alivyompiga mume mpaka damu ikatoka, ikawa ndiyo ya kuonyeshwa. Anacheka anaposimulia. Kisha tunamuona akiwapiga mabinti zake kwa woga uleule aliolelewa nao, kwamba mwili wa binti ni hatari iliyomo nyumbani. Hakuna aliyerusha kipande. Waliowahi kukaa na kungwi walitazamana.

Wiki iliyofuata mwenzetu alimwambia mama yake kwamba kabla ya mahari kupokelewa anataka kuzungumza na kijana huyo, kaka yake akiwepo. Shangazi alikasirika, akasema posa ikishaitikiwa haichokolewi. Baba alinyamaza siku mbili, kisha akasema aulizwe. Wamezungumza. Ndoa imesogezwa hadi Mfunguo Mosi, na jibu lake bado analo mwenyewe.

Ijumaa ijayo tunaitazama tena ya Olfa, safari hii na mama zetu. Mama yake amesema atakuja, ila bisi zisitiwe sukari.