Nafuu ya Kodi Ipite Obunga

Kodi anayosamehewa tajiri ni fedha ya umma sawa na ile iliyokwisha kuingia hazina. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza: huko Obunga, Nyalenda na Manyatta, misamaha hiyo imemfaa nani?

Tangu mwaka 2010, mwekezaji aliyejenga kiwanda au kuweka mitambo ya shilingi milioni 200 na zaidi, nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, aliruhusiwa kuondoa asilimia 150 ya gharama hiyo katika mapato yanayotozwa kodi. Wasomaji na wayasome tena majina hayo matatu. Kisumu, iliyoshuhudia kiwanda cha nguo cha KICOMI kikifungwa katika miaka ya 1990, ilihesabiwa pamoja na walioshiba! Punguzo hilo lilifutwa mwaka 2020, na sheria zilizofuata zikaitaja Nairobi na Mombasa peke yake. Tunashukuru. Hata hivyo kipimo kilibaki ramani na wingi wa mamilioni. Sheria haikumwuliza mwekezaji amemwajiri nani, wala amemfundisha nani kazi.

Nafuu ya mafunzo nayo ilipoletwa mwaka 2015, ilikusudiwa mwajiri anayepokea wanagenzi kumi au zaidi waliohitimu chuo kikuu. Wahitimu wa vyuo vya ufundi waliongezwa baadaye. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Kondele, mwenye vijana wawili wanaojifunza kwake, hakufikiriwa.

Wanawake wa Obunga wanaujua mgawanyo wa namna hii. Minofu ya mbuta hutoka viwandani ikaenda ng'ambo. Wao hununua mifupa, ile mgongo wazi, wakaikaanga kando ya njia.

Sisi tunataka nafuu apewe yule anayefungua karakana ndani ya mitaa hiyo, hata kwa mtaji mdogo, akaajiri wakazi na kuwafunza. Na akishindwa, ailipe kodi aliyosamehewa. Kaunti inaweza kuanza na kodi yake ya ardhi.

Tena Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 kinaamuru kwamba kila msamaha wa kodi uandikwe katika kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, na taarifa ipelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Basi, ndugu zetu wa parokia na wa mitaani, mgombea atakapokuja kuomba kura, mwulizeni kwanza kumbukumbu hiyo iko wapi, na ni viwanda vingapi vya Kisumu vimo ndani yake.