Mchakamchaka Peke Yake Haumfanyi Mtu Askari

Kwa miaka mingi nikiwa mwalimu mkuu niliwatoa wanafunzi mchakamchaka kabla ya jua kuchomoza, nikiamini kwamba awezaye kukimbia mbali anafaa kwa lolote, hata jeshi. Leo, nikiwa mstaafu hapa Sale, nakiri kuwa nilikosea. Nawapinga pia wazee na walimu wenzangu wanaoendelea kuwarithisha vijana kosa hilo.

Kila zinapotangazwa nafasi za Jeshi la Kujenga Taifa, vijana wetu huanza kupanda na kushuka vilima alfajiri. Ukiwauliza juu ya nguvu za mgongo na mikono, hucheka. "Mwalimu, sisi ni watu wa mbio," husema, kisha humtaja Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974.

Sifa hiyo ni ya haki. Bayi alikuwa askari, na Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025, ni askari pia. Lakini medali zao walizipata wakiwa na fulana na kaptula. Vita haipiganwi hivyo. Katika Vita ya Kagera askari wetu wengi walitoka mpakani Mutukula kwa miguu hadi Kampala, iliyotekwa Aprili 1979. Ni zaidi ya kilomita 200, na mtu alikwenda na silaha, risasi na chakula chake mgongoni.

Mimi mwenyewe nilionywa mapema, ila sikusikia. Nilipomaliza chuo cha ualimu katika miaka ya 1970 nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Katika mbio hakuna kuruta aliyenipita. Siku moja afande alituamuru kila mmoja ambebe mwenzake kama majeruhi. Nilikwenda hatua chache, magoti yakalegea, tukaanguka wote wawili. Kijana mfupi, aliyekuwa wa mwisho katika kila mbio, alimwinua yule niliyemwangusha akamfikisha. Je, kama risasi zingekuwa zinalia, nani kati yetu alikuwa askari?

Wapo watakaosema kwamba kubeba uzito humfanya kijana awe mzito. La hasha! Simtaki kijana mwenye kifua cha fahari asiyeweza kupanda kilima. Mbio hujenga moyo na mapafu, na bila hizo askari hafiki. Jeshi la nchi kavu la Marekani, ambalo kwa miongo mingi lilipima askari wake kwa kukimbia, kupiga pushapu na kuinua kiwiliwili, tangu mwaka 2022 limeongeza kuinua chuma kizito kutoka ardhini na kuburuta mizigo. Mbio za maili mbili hawakuzifuta. Wamejifunza kwamba vyote viwili vinahitajika.

Hili si jambo la ubishi wa kijiweni. Jirani yangu aliuza mbuzi ili mwanawe apate nauli ya kwenda mafunzoni. Kijana alikuwa hodari wa mbio, lakini hakuwahi kutembea na mzigo. Alirudi akichechemea, mfupa wa muundi umepata ufa. Mbuzi wamekwenda, na nafasi imekwenda. Nani alimwambia kuwa mbio zinatosha? Ni sisi.

Wala hatuhitaji vyuma vya kununua. Hapa kwetu ipo mifereji ya kuzibua, mawe ya kuhamisha na magunia ya mahindi ya kupakia. Kijana akimbie siku tatu kwa juma, na siku mbili abebe mfuko wa mchanga, akianza na kilo chache na kuongeza polepole, miezi kadhaa kabla ya kwenda kambini. Mwisho ambebe mwenzake hatua 50 bila kumwangusha.

Walimu mlio kazini, endeleeni na mchakamchaka. Lakini msimwambie kijana yuko tayari mpaka mmemwona akibeba.