Acheni kumwonea mdakaji!

Leo sina stori ya tesiti wala ya foleni ya msosi. Nina hasira tu.

Juzi usiku tumejazana chumba cha jirani tunaangalia besiboli ya Marekani. Mkimbiaji kachomoka besi ya kwanza, kaiba ya pili, chumba kizima kikalipuka: "Mdakaji bomu!" Jamani, huo ni uonevu. Ni sawa na kumzomea kipa wakati mabeki wamelala.

Tupige hesabu. Mkimbiaji mzuri anafika besi ya pili kwa sekunde kama 3.4. Mrushaji mwepesi, mpira wake unamfikia mdakaji kwa sekunde 1.3. Anayejivuta, 1.6. Mdakaji wa kawaida akishaupata anatumia sekunde 2.0 kuufikisha besi ya pili, mita karibu 39 toka alipochuchumaa. Yule mkali kabisa, 1.9 hivi.

Haya jumlisha mwenyewe. Mdakaji mkali na mrushaji goigoi: 3.5. Mwizi kashafika, anajikung'uta vumbi. Mdakaji wa kawaida na mrushaji mwepesi: 3.3. Hapo kuna kesi.

Kwa hiyo ulinzi unaanzia kwa mrushaji bwana! Asinyanyue mguu juu sana, abadilishe muda wa kushikilia mpira ili asisomeke, na amtishie mwizi kwa kurusha besi ya kwanza.

Tena tangu 2023 sheria za MLB zimembana: anaruhusiwa kumtishia mara mbili tu kwa kila mpigaji. Akijaribu ya tatu asimtoe, mkimbiaji anapewa besi ya bure. Na besi zimepanuliwa toka sentimita 38 hadi 46. Wizi ukapanda toka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Au wadakaji wote waliumwa mikono msimu mmoja?

Najua mtaniletea ya 2004: Mariano Rivera wa Yankees alimrudisha Dave Roberts wa Boston mara tatu na bado akaibiwa. Kweli, ila Roberts aliponea chupuchupu. Kwa sheria za sasa, ile ya tatu ingempa besi bila hata kukimbia!

Siku nyingine besi ikiibiwa, kabla hujatukana, angalia kwanza mguu wa mrushaji. Mwenye kubisha aje na saa ya kupimia sekunde, chumba anakijua.

Nawasilisha.