Nyumba juu ya mayi: mushenzi ni nani?

Habari hii ilianzia mu lupangu moja ya Katuba, siku ya Yenga, kisha misa. Tulikutana jamaa yote juu ya ndoa ya kijana wetu, mutoto wa dada yangu. Mahari ilikuwa imekwisha kulipwa, sale ya karamu ilikuwa imepatikana, mafuta na unga wa bukari vilikuwa vimehesabiwa. Tulibakia na neno moja tu: muchango wa safari. Sababu siku hizi, hapa Lubumbashi, ndoa haimalizikake ku karamu. Bibi na bwana lazima waende kulala juma nzima mahali pa mbali, ile tunaitaka mwezi wa asali. Kama hawaendi, marafiki watasema: "Aba hawakuoana, balikula tu."

Kijana alitoa simu yake, akapitisha picha kwa kila mutu. Nyumba yenye paa la majani, juu ya nguzo, katikati ya bahari, na ngazi ya mbao inayoshuka mupaka mu mayi. Akatueleza kwamba ni vila ya ku Maldive, na mu sakafu iko kioo: mutu analala, anaangalia samaki. Kwa usiku mumoja, dola mia tano. Wakati simu ilifika kwa nkambo wetu, mwenye alitoka Kikondja kwa mutumbwi mupaka Bukama, na Bukama kwa treni mupaka hapa, aliangalia ile picha sana, akaisogeza karibu na macho, kisha akacheka. Akasema: "Kumbe! Hii si nyumba ya tata yangu? Siye tulizaliwa mu ya namna hii. Sasa juu ya nini banalipisha?"

Kijana akamujibu mbio: "Hapana, nkambo. Ile yenu ilikuwa ya bushenzi. Hii ni vila."

Watu wote walicheka. Na mimi mwenye kuandika hapa nilicheka pamoja nao. Nkambo alirudisha simu, akanyamaza mupaka jioni. Ni sababu ya kicheko kile, na kwanza kicheko changu mwenyewe, ninaandika maneno haya.

Tuanze na lile neno. "Mushenzi" ni neno la watu wa pwani. Walilitumia juu ya sisi watu wa bara, zamani za misafara ya pembe na watumwa. Kisha wakubwa wa koloni wakaliokota, nalo likawafaa sana. Leo wale wa misafara hawako, wa koloni walienda, lakini neno lilibaki kwetu, na tunalitia juu ya wazazi wetu mbele ya sahani za karamu. Hakuna aliyetulazimisha. Ile njo haya ya kweli.

Vijana wetu wanapendaka mambo yaliyoandikwa. Vizuri, tuwape yaliyoandikwa. Mwaka wa 1874, askari wa bahari wa Uingereza, Verney Lovett Cameron, alipita mu inchi ya Waluba, wakati wa mulopwe Kasongo Kalombo. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1877, anaeleza ziwa moja dogo, yeye analiita Mohrya, lenye vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo, katikati ya mayi, na mitumbwi ya wenye nyumba. Alichora na picha. Anaeleza pia habari alizopewa za ziwa Kisale: watu wanakata vipande vikubwa vya tingi-tingi, ile majani yanayofungana juu ya mayi, wanalaza magogo na vijiti juu yake, wanatia udongo, wanajenga nyumba, wanapanda ndizi, wanafuga mbuzi na kuku. Kisiwa kinafungwa ku miti iliyosimikwa mu mayi. Wakitaka kuhama, wanakifungua na kuhama nacho, pamoja na nyumba na ndizi. Niambie, musomaji: ni vila gani ya leo inaweza kufanya vile?

Sasa tutazame upande wa pili. Ile vila ya picha ilizaliwa lini? Mwaka wa 1967, ku kisiwa cha Raiatea, mu bahari ya Pasifiki. Wamarekani watatu waliokuwa na hoteli waliona kwamba pale hakuna muchanga muzuri wa kulaza wageni. Basi wakaangalia nyumba za majani za wenyeji, wakajenga tatu juu ya nguzo mu mayi. Watu walipenda, na namna ile ikaenea. Ku Maldive, hoteli ya kwanza ya watalii ilifunguliwa mwaka wa 1972 tu. Toka kitabu cha Cameron mupaka nyumba za Raiatea ni miaka 90. Na Cameron mwenyewe alikuta kazi ya zamani. Pale Sanga, pembeni ya Kisale, wataalamu walianza kuchimba makaburi mwaka wa 1957. Walikuta vyungu, vyuma na shaba za watu walioishi kule kuanzia karibu karne ya 8. Watu wale walijua ziwa mbele ya Lubumbashi kuwa na jina.

Sisemi kwamba Wamarekani walituiba. Hawakujua hata kwamba tuko. Ninasema hivi tu: kujenga juu ya mayi si alama ya bushenzi, si alama ya maendeleo. Ni akili ya watu wanaoishi na mayi. Kama akili ile ni nzuri ku Raiatea, ni nzuri ku Kisale. Kama ni bushenzi ku Kisale, basi kijana wetu alilipa dola mia tano kwa usiku juu ya kulala mu bushenzi.

Lakini iko tofauti, na tusiifiche. Tofauti haiko ku nguzo wala ku majani. Iko ku swali hili: nyumba ile ni ya kufanya nini?

Ku maziwa yetu, nyumba juu ya mayi ilikuwa kwanza ya kazi: muvuvi analala karibu na nyavu zake. Ilikuwa pia ya kukimbilia. Zamani za Cameron, watu walikamatwa mu vijiji na kufungwa kamba, wakauzwa mupaka upande wa Bihe. Mwenye kuwa na tingi-tingi kati yake na adui alilala usingizi. Na msifikiri ni hadithi ya zamani tu. Mwisho wa mwaka wa 2005, wakati wa vita ya jeshi na Mai-Mai mu Katanga ya katikati, maelfu ya watu waliacha vijiji vyao, na wengi wakakimbilia tena ku visiwa vya kuelea vya ziwa Upemba. Mu mwaka ule, hapa Lubumbashi tulikuwa tunakula samaki wao kama kawaida. Kile tunachokiita bushenzi, njo kiliokoa watu wakati serikali haikuwaokoa.

Na vila inauza nini? Inauza mayi yasiyo na watu. Angalia picha vizuri: iko ngazi, iko kioo, iko kitanda, lakini hakuna muvuvi, hakuna mutoto, hakuna jirani anayepita kuuliza habari. Si kwa bahati. Ku Maldive, kwa miaka mingi, mupaka karibu mwaka wa 2009, serikali ilitaka hoteli zikae ku visiwa visivyo na wenyeji, watalii upande wao, wananchi upande wao. Hata karibu na sisi, ku kisiwa cha Pemba, upande wa Zanzibar, tangu mwaka wa 2013 kiko chumba kinachoelea, na kitanda chake kiko metre 4 chini ya mayi. Mutu anaona samaki kupitia kioo. Muvuvi haonekane mule.

Na wenyeji wako. Wale wa Maldive, sehemu kubwa ya inchi yao haipiti metre moja juu ya bahari. Mwezi wa 10 mwaka wa 2009, mawaziri wao walivaa nguo za kuzamia, wakafanya mukutano chini ya mayi, juu ya kuonyesha dunia kwamba bahari inapanda na inchi yao inaweza kuzama. Mgeni analipa juu ya kulala karibu na mayi. Mwenyeji haoni usingizi sababu ya mayi yale yale. Picha ya simu haionyeshi ile.

Kwa wakubwa wetu, ndoa si kukimbia watu. Ndoa ni kuingia mu watu. Bibi mupya anaonyeshwa: huyu ni mukwe wako, huyu ni shemeji, huyu ni nkambo mwenye utamuletea mayi ya kunawa. Siye sasa tunakusanya franga ya jamaa yote juu ya kusaidia wawili wakimbie jamaa yote. Halafu, kisha mwaka, wakianza kugombana, njo wanarudi: "Yomba, kuya utusaidie."

Najua wako watakaonijibu. Wa kwanza watasema: "Franga ni yake, umuache ale raha." Ningenyamaza kama ingekuwa yake. Lakini muchango ulitoka kwa mama anayeuza samaki ku soko ya Kenya, na kwa mzee wa Gécamines mwenye kungojea pansio yake. Franga ya muchango iko na macho ya watu juu yake.

Wa pili watasema: "Wewe unasifu Kisale, lakini hukulala kule. Kule kuko kipindupindu." Hawa wana haki, na niwajibu kwa heshima. Ni kweli. Maziwa ya Upemba na Kisale ni mahali kipindupindu kinarudia mwaka kwa mwaka, sababu watu wanakunywa mayi yale yale wanayochafua. Mbu wako. Masomo ni shida. Mimi sitaki kumurudisha mutu ku tingi-tingi kwa nguvu, na asiyelala kule asiimbe uzuri wake. Lakini tuangalie: kipindupindu hakikutoka ku nguzo. Kilitoka ku kukosa mayi safi na choo. Vila ya picha nayo iko juu ya mayi, na mgeni haugue, sababu kuna tuyo, kuna mashine ya kusafisha mayi, kuna choo. Basi kinachokosekana ku Kisale si akili ya kujenga. Ni ile franga, ambayo siye, watoto wa Kisale tuliosoma, tunaipeleka mbali.

Wa tatu ni wenye feza. Wanasema: "Basi tujenge na siye. Tutie vila ku Kipopo, ku Tshangalele, mupaka Kisale, watalii watakuja." Hawa wananitia woga kuliko wote. Tshangalele si ziwa la shamba tupu: lilizaliwa ku barrage ya Mwadingusha, na wavuvi wanaishi pembeni yake. Ku Upemba kuko park tangu mwaka wa 1939, na wavuvi wanajua maana ya kuambiwa: hapa si kwenu tena. Kama vila zitakuja mbele ya mayi safi, mbele ya choo, na mbele ya kuwauliza wenye ziwa, basi nkambo atafukuzwa ku mayi ya tata yake, halafu mujukuu wake atavalishwa bubu ya majani juu ya kuchezea wageni ngoma. Mila tutakuwa tumeiuza, na hata bei hatukupanga siye.

Na sisi wa mashirika ya utamaduni tusijifiche. Kila mwaka tunasimama mbele ya watu, tunasema "muacha asili ni mutumwa", tunapigiwa makofi, tunakaa. Ni nani kati yetu aliandika namna kisiwa cha tingi-tingi kinajengwa? Cameron aliandika, mwenye alikuwa mupita njia. Siye wenye nkambo mu nyumba hatukuuliza.

Muchango wangu nilitoa. Kijana ni mutoto wetu, na siwezi kumunyima mbele ya wakwe. Lakini nilimutia sharti moja: mbele ya kupanda ndege, akae jioni moja na nkambo, na kalamu mu mukono. Alikasirika, lakini alikaa. Nkambo naye alikataa kwanza. Alisema: "Unataka kuandika bushenzi?" Kijana alishuka ku kiti, akapiga magoti, akaomba musamaha. Njo pale alianza kusema.

Alimuambia kwamba majani ya chini yanaoza, basi kila wakati lazima mutu atie mapya juu. Nyumba ya kuelea inalishwa sawa mutoto. Moto wa usiku haukubaliwi kubaki bila mutu. Mutoto anayeanza kutembea anafungwa kamba ku kiuno. Mgeni akifika na mutumbwi, anaita kwa mbali mbele ya kusogea, sababu mulango wa nyumba ya mayi ni mayi yenyewe. Na alimuambia hivi: hakuna mutu anayejenga peke yake kule. Kisiwa cha mutu mumoja, upepo unakibeba.

Kijana alijaza kurasa 4, na kurasa zile ziko kwangu. Musomaji, kama kwenu muko na nkambo wa Kisale, wa Upemba, wa Mweru wala wa Luapula, usingojee karamu. Chukua kalamu leo, na umuanze kwa kumuomba musamaha, sababu pengine na wewe ulicheka.